Simama Mahali Pako: Mazungumzo Juu ya Mtupo Huru

(Hotuba ya mwanachama wetu, mtumishi wa Serikali, aliyoitoa jioni ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, baada ya mchezo wa mpira wa kikapu kati ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa.)



Katika barua niliyoletewa niliombwa nizungumze juu ya "Michezo na Maisha", nami nikaandaa karatasi saba. Lakini asubuhi ya leo yametokea mambo pale uwanjani, na karatasi zile nimeziacha mfukoni.

Wote mliona. Mwenzetu mmoja alipewa mitupo huru 2. Kabla hajatupa, sisi wazee wawili tukakimbilia kusimama chini kabisa ya kikapu, huku na huku. Vijana wakatuambia kwa adabu kwamba pale ni pao. Tukakataa. Tukasema enzi zetu tulisimama hivyo. Mwalimu aliyekuwa refa akatuomba tusogee, nasi tukamzunguka kama kuku waliomwagiwa mtama, mpaka mchezo ukasimama karibu dakika 10. Ndugu zangu, nasema mbele yenu wote: vijana walikuwa na haki, refa alikuwa na haki, na sisi tulikosea. Hata enzi zetu hatukuwa na haki ya kusimama pale.

Kwa hiyo nitazungumza juu ya jambo hilo moja dogo: wachezaji wasimame wapi mtupo huru unapopigwa. Najua wapo watakaonung'unika kwamba mtu hasafiri kutwa nzima kwa basi ili aje kusikia habari za mistari. Nawaomba mnivumilie. Ninayo sababu yangu, na nitaieleza kabla sijakaa.

SHERIA INAVYOSEMA

Mtupo huru ni fidia. Mchezaji aliyefanyiwa faulo hupewa nafasi ya kutupa bila mtu kumzuia, na mpira ukiingia timu yake inapata pointi 1. Mtupaji husimama nyuma ya mstari wa mtupo huru, ndani ya nusu duara. Mstari huo una urefu wa meta 3.6, nao uko meta 5.8 kutoka mstari wa mwisho wa uwanja. Ukipima kutoka ubao, ni meta 4.6. Ringi iko juu meta 3.05.

Refa akishamkabidhi mpira, mtupaji anazo sekunde 5 za kuuachia. Vijana wengi hutazama ligi ya kulipwa ya Marekani katika simu zao, na huko mtupaji hupewa sekunde 10. Ligi ile ina kitabu chake. Sisi hufuata kitabu cha FIBA, yaani Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, lililoundwa Geneva mwaka 1932. Mtupaji haruhusiwi kukanyaga mstari wala kuingia mbele yake mpaka mpira uguse ringi au uingie kikapuni. Haruhusiwi pia kujifanya anatupa kisha akausita mpira mkononi ili kuwahadaa waliojipanga.

Sasa hao waliojipanga. Pembeni mwa eneo la sekunde 3, lile lililo mbele ya mtupaji mpaka chini ya kikapu, ziko nafasi 6: tatu kulia na tatu kushoto. Kila moja ina upana wa sentimeta 85, na kwa kina huhesabiwa meta 1. Mpangilio wake ni huu:

Nafasi za kwanza, zilizo karibu zaidi na kikapu, ni za walinzi, yaani timu isiyotupa; mmoja kila upande. Hizo ndizo tulizozivamia leo asubuhi.

Nafasi za pili ni za wenzake mtupaji. Mmoja kila upande. Kati ya nafasi ya kwanza na ya pili upo ukanda wa sentimeta 40 ambao hapaswi kusimama mtu yeyote.

Nafasi za tatu, zilizo karibu na mtupaji, ni za walinzi tena, lakini anaruhusiwa mmoja tu, upande mmoja.

Jumla yao ni watu 5: walinzi 3 na wenzake mtupaji 2. Si lazima nafasi zote zijazwe. Lakini nafasi ya mwenzio ikiwa tupu, haiwi yako kwa sababu ni tupu. Wachezaji 4 waliobaki, wawili kila timu, husimama nyuma kabisa: nyuma ya usawa wa mstari wa mtupo huru na nyuma ya mstari wa pointi 3.

Baada ya kujua mahali, mtu ajue pia wakati. Wale 5 wa pembeni huruhusiwa kuingia mara tu mpira unapotoka mikononi mwa mtupaji; si kabla. Mtupaji mwenyewe na wale 4 wa nyuma husubiri zaidi, mpaka mpira uguse ringi au ijulikane kwamba mtupo umekwisha. Hapa ndipo vijana nanyi mlipokosea asubuhi. Yule mrefu wenu wa nyuma alikuwa anaanza mbio mpira ungali hewani. Refa alikuwa ameshughulika na sisi wazee, hakumwona.

Ikiwa baada ya mitupo timu ile ile itapewa tena mpira, kama inavyotokea kwa faulo nzito, hakuna anayejipanga pembeni. Wote hukaa nyuma, na mtupaji hubaki peke yake na kikapu chake.

Je, mtu akikosea? Sheria ni kama ifuatavyo:

Kwanza, mpira ukiingia, na aliyekosea si mtupaji, pointi huhesabiwa na kosa husamehewa.

Pili, akikosea mtupaji mwenyewe, mpira hata ukiingia hauhesabiwi.

Tatu, mtupo wa mwisho usipoingia, na aliyeingia mapema ni mwenzake mtupaji, mpira hupewa wapinzani, waurushe kutoka nje ya uwanja, pembeni, usawa wa mstari wa mtupo huru.

Nne, mpira usipoingia, na aliyekosea ni mpinzani, kwa kuingia mapema au kwa kumpigia kelele na kumpungia mikono mtupaji, mtupo hurudiwa.

Tano, mpira usipoingia na pande zote mbili zimekosea katika mtupo wa mwisho, hutazamwa mshale wa zamu ulioko mezani.

Ile ya tatu naomba mwishike, maana nitairudia.

KWA NINI IWE HIVYO

Kijana mmoja aliniuliza wakati wa chakula: kwa nini anayefaidika na mtupo asipewe pia nafasi za karibu? Nilimjibu kwa kumrudisha nyuma.

Mchezo huu ulibuniwa na mwalimu James Naismith mjini Springfield, Marekani, Desemba 1891, akitumia vikapu vya kuvunia matunda na kanuni 13. Katika kanuni hizo mtupo huru haukuwamo. Timu iliyofanya faulo 3 mfululizo iliadhibiwa kwa wapinzani wake kuhesabiwa goli. Mtupo huru ulikuja miaka michache baadaye, na kwa muda mrefu timu iliweza kumteua fundi mmoja atupe mitupo yote, hata kama aliyeumizwa ni mwingine. Katika miaka ya 1920 ndipo ikaamriwa kwamba aliyefanyiwa faulo atupe mwenyewe.

Tazameni mwelekeo wake. Kila badiliko lilitafuta haki iliyo sawasawa: isizidi, isipungue. Aliyeonewa apate fidia yake, atupe bila bughudha. Lakini fidia hiyo ikishatumika na mpira ukakosa, haifai apewe na nafasi bora ya kuudaka tena. Ndiyo maana mlinzi huwekwa karibu, mwenzake mtupaji akafuata, kisha mlinzi tena. Wamepangwa mmoja mmoja kwa kupokezana, na ukanda mtupu katikati, kwa sababu watu 5 wenye nguvu wakigombea mpira mmoja bila mpango, faulo moja huzaa nyingine.

MISTARI YA UWANJA WETU

Ndugu Mwenyekiti, kabla hatujawalaumu vijana, tutazame na uwanja tuliowaachia. Eneo la sekunde 3 pale nje bado lina umbo la trapeza: juu meta 3.6, chini meta 6. Sisi tuliosoma hapa miaka ya 1990 tulilizoea hivyo. Lakini umbo hilo liliondolewa katika sheria za kimataifa mwaka 2010. Sasa ni mstatili, upana wake meta 4.9. Mwaka huo huo mstari wa pointi 3 ulisogezwa kutoka meta 6.25 hadi meta 6.75. Maana yake ni kwamba vijana wetu hufanya mazoezi katika uwanja wa miaka mingi iliyopita, kisha hupelekwa UMISSETA kushindana katika uwanja wa leo. Mtoto aliyezoea kusimama mahali pasipo pake hawezi kupajua pake kwa siku moja.

Kazi ya kuusahihisha si kubwa: futi kamba, uzi wa mwashi, chokaa ya kuchorea, na makopo ya rangi. Fundi aanze kupima ukingo wa ndani wa mstari wa mwisho. Kutoka hapo aende meta 1.75 pembeni mwa mstatili. Aweke sentimeta 85 za nafasi ya kwanza, sentimeta 40 za ukanda mtupu, sentimeta 85 za nafasi ya pili, na sentimeta 85 za nafasi ya tatu. Mistari iwe na unene wa sentimeta 5. Mimi nitatoa rangi. Naomba wenzangu mtoe mafundi na siku moja ya Jumamosi.

SABABU YANGU

Sasa nifike kwenye ile sababu niliyoahidi.

Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha tano. Wengi wenu hapa mnaujua mchezo ninaotaka kuusema, na ninyi vijana mmeusikia, kwa kuwa kila anayeingia kidato cha kwanza husimuliwa kabla hajaonyeshwa bwalo liko wapi. Husimuliwa kwamba mwaka huo tuliibiwa kombe na refa.

Tulikuwa nyuma 47 kwa 48. Zilibaki sekunde chache. Mwenzetu alifanyiwa faulo akapewa mitupo 2. Yupo hapa leo, ameshaota mvi, na baadhi yenu mngali mnamwita "Ringi". Wa kwanza uliingia: 48 kwa 48. Wa pili ukagonga ringi ukarudi. Mimi nilikuwa nafasi ya pili upande wa kulia. Niliudaka mpira ule, nikaupandisha, ukaingia. Shule nzima ikaingia uwanjani. Ndipo tukasikia filimbi. Refa alionyesha kwamba nimeingia mapema, kikapu hakihesabiwi, mpira ni wa wapinzani. Ni ile sheria ya tatu. Tulicheza muda wa nyongeza wa dakika 5, tukashindwa kwa pointi 3.

Nilimfuata refa nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya walimu wangu. Nikaapa, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba sikuingia mapema. Na kwa kuwa nilikuwa kiongozi wa bweni na watu waliniamini, waliniamini na katika hilo. Yaliyofuata mnayajua: mawe, kuzomea, na baiskeli ya mtu ikavunjwa taili zote mbili na kutupwa mtaroni.

Ndugu zangu, niliingia mapema.

Nitawaeleza jinsi ilivyokuwa. Ringi alikuwa na desturi ya kuudundisha mpira mara 3 kabla ya kutupa. Mimi niliizoea hesabu hiyo. Siku ile, labda kwa woga, aliudundisha mara 4. Mimi nilikuwa natazama ubao, sikuwa natazama mikono yake. Nikahesabu tatu, nikaingia. Mguu wangu wa kulia ulikuwa ndani ya mstari, nami nikauona mpira ungali mkononi mwake. Niliuona. Nilijua kabla refa hajapuliza filimbi.

Kwa hiyo, ninyi mnaocheza, somo la ufundi ni hili: usitazame ubao, usihesabu midundo, tazama mikono ya mtupaji. Lakini hilo ni somo dogo la siku ile.

Miaka kadhaa iliyopita nikiwa ofisini kwangu, aliingia mzee mmoja mwenye bahasha ya kaki, anafuatilia mafao yake ya kustaafu. Alikuwa mwalimu. Nilipofungua faili na kusoma shule alizofundisha, nikainua macho, nikamtambua. Alikuwa yule refa. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikalishughulikia faili lake vizuri kama inavyonipasa kwa kila mwananchi, nikamsindikiza hadi mlangoni, na sikusema neno. Zaidi ya miaka 10 nilikuwa nimejiambia kwamba nikikutana naye nitamweleza. Nilipokutana naye niliona haya.

Mwaka jana nilimtafuta kijijini kwake, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba ule mtupo haukumbuki kabisa, maana alipuliza filimbi nyingi katika maisha yake, na huenda nyingine alikosea. Akanyamaza kidogo, akasema, "Baiskeli naikumbuka." Alikuwa ameinunua kwa mkopo, na aliumaliza mkopo ule akitembea kwa miguu. Baada ya siku ile hakukubali tena kuchezesha mchezo wa shule yoyote.

Sikuwa na la kujibu. Mke wake alileta chai, tukanywa.

OMBI LANGU

Ndugu Mwenyekiti, ninayo maombi matatu, nitayataja kwa ufupi.

La kwanza, hadithi ya kuibiwa kombe ikome leo. Hatukuibiwa. Tulikuwa na dakika 5 za kulitafuta kombe lile, tukazitumia kugombana na refa. Viranja wa mabweni, naomba mwaka ujao mtoto wa kidato cha kwanza asisimuliwe uongo wangu siku yake ya kwanza shuleni.

La pili, Umoja wetu umwandikie Mwalimu yule barua ya kumwomba radhi. Baiskeli nimekwisha kuilipa mimi, na haikuwa rahisi kumshawishi aipokee. Lakini mawe hayakurushwa na mkono mmoja, na barua isiwe na sahihi moja.

La tatu, uwanja utakapokuwa umepigwa mistari mipya, tumwalike aje aufungue. Nilimdokezea jambo hilo. Hakukubali, wala hakukataa. Alisema kwanza apelekewe vipimo, aone kama tumepima sawasawa.

Na wewe Ringi, ndugu yangu, ulikosa mtupo mmoja katika maisha yako, ukabeba jina miaka yote hii, na mimi niliyekosa zaidi nikaitwa shujaa. Nisamehe.

Mwenye kosa ni yule anayelijua akalificha. Vijana, kesho asubuhi mtarudiana na sisi wazee saa 3. Tutasimama nafasi za pili, kama sheria inavyotaka. Nanyi mwambieni yule mrefu wenu wa nyuma asubiri ringi.